Maswali na Majibu: Mahakama Ilipata Wapi Uwezo wa Kuitangua Sheria?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kazi za mihimili mitatu ya dola, yaani bunge, serikali na mahakama, tukasema kwamba mahakama inaweza kuitangua sheria iliyopitishwa na bunge ikiwa sheria hiyo inakwenda kinyume cha katiba. Kauli hiyo imewafanya wasomaji wa Lamu na Malindi watuandikie. Barua tulizozichagua zinaelekea upande mmoja: zinauliza uwezo huo ulianzaje, ulifikaje kwetu, na una faida gani kwa mtu wa kawaida. Majina ya waandishi hatukuyachapisha.

Assalamu alaykum Mwalimu. Nimekuwa nikimsaidia mwanangu kudurusu somo la historia na serikali. Ameambiwa kuwa mahakama ya Marekani ilikuwa ya mwanzo kutangua sheria ya bunge kwa sababu ya katiba iliyoandikwa. Nimeisoma katiba hiyo mwanzo hadi mwisho, wala sikuona palipoandikwa kuwa majaji wana uwezo huo. Je, walijipa wenyewe? Na kama walijipa, kwa nini rais na bunge walinyamaza?
*Mama mzazi, Mkomani, Lamu*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Umesoma sawasawa. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, inaiunda Mahakama ya Juu katika ibara yake ya tatu na kutaja aina za kesi zitakazofika mbele yake, lakini haisemi lolote waziwazi kuhusu kutangua sheria. Wazo lenyewe lilikuwa likizungumzwa. Mwaka 1788 Alexander Hamilton, akiwashawishi watu wa New York waikubali katiba hiyo mpya, aliandika kwamba mahakama ndiyo mhimili dhaifu kuliko yote kwa kuwa haishiki upanga wala mfuko wa fedha, kisha akaongeza kwamba ni wajibu wa majaji kuifuata katiba pale inapogongana na sheria ya kawaida. Hayo yalikuwa maoni ya mtu mmoja tu, na maoni ya mtu mmoja hayamfungi rais wala mbunge.

Miaka kumi ya kwanza ya mahakama hiyo haikuwa ya fahari. Ilikutana kwa mara ya kwanza Februari 1790 mjini New York, ikiwa na majaji sita chini ya Jaji Mkuu John Jay, na kesi zilikuwa haba kiasi kwamba muda mwingi wa majaji ulipotea njiani, wakizunguka kusikiliza mashauri majimboni. Uamuzi wake mzito wa mwanzo ulileta balaa. Mwaka 1793, katika kesi ya Chisholm dhidi ya Georgia, iliamua kuwa raia wa jimbo moja anaweza kulishtaki jimbo jingine kwa deni, nalo deni lenyewe lilikuwa la bidhaa zilizouziwa Georgia wakati wa vita vya uhuru. Georgia ilikataa hata kutuma wakili mahakamani. Majimbo yalighadhibika, na kufikia mwaka 1795 katiba ilikuwa imekwisha kurekebishwa kwa mara ya 11 ili kesi za namna hiyo zisiletwe tena katika mahakama za shirikisho. Mwaka huohuo Jay aliondoka akawa gavana wa New York. Alipoombwa kurudi mwishoni mwa mwaka 1800 alikataa, akieleza kuwa mahakama haina uzito wala heshima inayoistahili. Kiti kikaenda kwa John Marshall, aliyekikalia kuanzia 1801 hadi alipofariki mwaka 1835.

Sasa tuingie katika kesi yenyewe. Rais John Adams alishindwa katika uchaguzi wa 1800, na mshindi akawa Thomas Jefferson wa chama pinzani. Katika siku zake za mwisho Adams aliteua majaji na mahakimu wengi, wakiwamo mahakimu 42 wa mashauri madogo wa wilaya ya mji mkuu. Seneti iliwathibitisha tarehe 3 Machi 1801, rais akatia saini hati zao, na waziri wa mambo ya nje akazipiga muhuri wa dola. Waziri huyo alikuwa Marshall yuleyule, kwa kuwa kwa wiki chache alishika nyadhifa zote mbili. Baadhi ya hati hazikuwahi kuwafikia wenyewe usiku ule. Kesho yake Jefferson akaapishwa, akaagiza zisitolewe. Mmoja wa walionyimwa, William Marbury, alikwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kuomba amri ya kumlazimisha waziri mpya, James Madison, ampe hati yake.

Marshall alikuwa amebanwa kotekote. Akitoa amri, Jefferson na Madison wangeipuuza, na mahakama isiyo na askari ingebaki na karatasi mkononi. Akiikataa kwa woga, angekuwa amekiri kwamba serikali haifungwi na sheria. Bunge jipya lilikuwa limekwisha kuonyesha ubavu wake kwa kukifuta kikao cha mahakama cha katikati ya mwaka 1802, na ndiyo sababu hukumu haikutoka hadi tarehe 24 Februari 1803.

Hukumu hiyo, aliyoiandika kwa niaba ya majaji wote waliosikiliza shauri, ilipangwa juu ya maswali matatu. La kwanza, je, Marbury ana haki ya kupewa hati ile? Anayo, kwa kuwa uteuzi ulikamilika muhuri ulipopigwa. La pili, je, mtu aliyenyimwa haki yake na ofisa wa serikali anapewa nafuu na sheria? Anapewa, kwani nchi inayodai kutawaliwa na sheria haiwezi kumwacha vivi hivi. La tatu, je, nafuu hiyo itoke katika mahakama hii, kesi ikiwa imeanzia hapa? Hapo ndipo Marshall alipogeuza tanga. Kifungu cha 13 cha sheria ya mahakama ya mwaka 1789, kwa namna alivyokisoma yeye, kiliipa Mahakama ya Juu uwezo wa kutoa amri hiyo katika kesi iliyoanzia kwake. Katiba kwa upande wake ilitaja kesi chache tu zinazoweza kuanzia huko, kama zile za mabalozi na zile ambazo jimbo ni mmoja wa wadaawa, yaani pande za kesi, na bunge halikuwa na ruhusa ya kuongeza nyingine. Sheria mbili zinapogongana jaji hana budi kuchagua, na jaji aliyeapa kuilinda katiba hawezi kuchagua iliyo chini yake. Kifungu cha 13 kikatanguka, na Marbury akaondoka mikono mitupu.

Matokeo hayo ndiyo yanayojibu swali lako la pili. Jefferson hakupewa amri ambayo angeweza kuikaidi, kwa sababu kesi ilikuwa imemwendea vizuri. Alichukia kuambiwa kwamba serikali yake ilimdhulumu Marbury, na hadi uzeeni alipinga fikra kwamba majaji ndio wenye neno la mwisho juu ya katiba, lakini hukumu haikumpa pa kushika. Mahakama iliukataa uwezo mdogo iliopewa na bunge, na kwa kuukataa ikajitwalia ulio mkubwa. Siku sita baadaye mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Stuart dhidi ya Laird, iliiacha isimame sheria ya bunge jipya iliyozifuta mahakama walizowekwa majaji wa Adams. Ilijua wapi pa kusimama na wapi pa kukaa kimya.

Naiona hukumu ya Marbury kuwa imeandikwa kwa akili nyingi mno, ila siwezi kuifichia dosari yake. Jaji aliyezipiga muhuri hati zile, na ambaye ndugu yake alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuzipeleka, hakupaswa kuisikiliza kesi hiyo hata kidogo. Leo angetakiwa ajitoe. Tena uwezo wenyewe haukuhakikisha uadilifu. Mara ya pili Mahakama ya Juu ilipoitangua sheria ya bunge la nchi yao ilikuwa baada ya miaka 54, katika kesi ya Dred Scott ya mwaka 1857, ambapo majaji walio wengi walisema kwamba watu weusi wenye asili ya Afrika hawawezi kuwa raia, na kwamba bunge halina ruhusa ya kuuzuia utumwa katika maeneo mapya ya nchi. Iliwachukua vita vya wenyewe kwa wenyewe, pamoja na marekebisho ya katiba ya mwaka 1865 na 1868, kuifuta aibu hiyo katika vitabu vya sheria.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni nahodha wa mashua. Wakili mmoja alitutajia kesi ya vyombo vya majini huko Marekani iliyoamua nani mwenye leseni ya kufuatwa, jimbo au serikali kuu. Huku kwetu pia kuna serikali ya kaunti na serikali ya kitaifa. Kesi hiyo ilisema nini, na yatuhusu nini sisi?
*Nahodha, Matondoni, Lamu*

Marahaba, nahodha. Wakili alikusudia kesi ya Gibbons dhidi ya Ogden ya mwaka 1824. Jimbo la New York lilikuwa limewapa watu wawili, Robert Livingston na Robert Fulton, haki ya pekee ya kuendesha vyombo vya mvuke katika maji yake. Aaron Ogden alinunua ruhusa kutoka kwao. Thomas Gibbons, aliyekuwa mshirika wake hapo awali, akaanza kupitisha vyombo vyake kati ya New Jersey na New York akiwa na leseni ya serikali kuu iliyotolewa chini ya sheria ya vyombo vya mwambao ya mwaka 1793. Mahakama za New York zilimpiga marufuku. Gibbons alikata rufaa hadi Mahakama ya Juu, na Marshall akaamua kwamba biashara inayovuka mpaka wa majimbo iko mikononi mwa bunge la nchi nzima, na kwamba safari ya majini ni sehemu ya biashara hiyo. Leseni ya Gibbons ikashinda. Ukiritimba ule ukavunjika, nauli zikashuka, na vyombo vikaongezeka mitoni na pwani.

Miaka mitano kabla ya hapo, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kesi ya McCulloch dhidi ya Maryland. Jimbo la Maryland liliitoza kodi benki iliyoundwa na bunge la shirikisho, na karani wa tawi la Baltimore akakataa kulipa. Mahakama ilisema mambo mawili. Kwanza, bunge linaweza kuunda benki ingawa katiba haitaji neno benki, kwa sababu aliyepewa kazi amepewa pia njia za kuitenda. Pili, jimbo haliwezi kukitoza kodi chombo cha taifa zima, kwa sababu mwenye uwezo wa kutoza ana uwezo wa kuangamiza. Ukizisoma kesi hizi mbili pamoja utaona kwamba serikali ya shirikisho, iliyokuwa dhaifu ilipoanza, ilipata sehemu kubwa ya nguvu zake kutoka chumba cha mahakama.

Kwetu Kenya mgawanyo umeandikwa kwa kirefu zaidi. Jedwali la nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa masuala ya usafiri wa baharini, na kaunti inapewa vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Ibara ya 209 inaziruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma zinazotoa, lakini inakataza kodi na ada zinazodhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti au kuzuia watu na bidhaa kupita. Ndiyo kusema hoja ya Gibbons ilimgharimu yeye miaka ya mahakamani, na wewe umekwisha kuandikiwa ndani ya katiba. Ukitozwa ada, muulize anayetoza ni huduma gani inayolipiwa na ni sheria ipi inayomruhusu, na uhifadhi risiti.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na katiba yenye haki za binadamu. Kwa nini basi babu yangu husema kwamba zamani mtu hakuthubutu kuishtaki serikali? Mahakama zetu za mwanzo zilifanya nini?
*Mwanafunzi, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo ninalolithamini kuliko yote katika ukurasa huu, kwa sababu Kenya ilianza na kitu ambacho Marekani haikuwa nacho. Katiba ya uhuru ilisema waziwazi kuwa sheria inayoipinga ni batili, na ilikuwa na sura nzima ya haki za mtu binafsi, pamoja na kifungu kinachomruhusu aliyevunjiwa haki kwenda Mahakama Kuu. Yale ambayo Marshall alilazimika kuyatafuta kwa mantiki, majaji wetu waliyakuta yameandikwa. Kilichobaki kilikuwa namna ya kuyasoma.

Mwaka 1969, katika kesi ya Jamhuri dhidi ya El Mann, mtu aliyeshtakiwa chini ya sheria ya fedha za kigeni alilalamika kwamba kulazimishwa kujibu maswali ya wachunguzi kulivunja haki yake ya kutojitia hatiani. Mahakama Kuu ilisema kwamba katiba isomwe kama sheria nyingine yoyote ya bunge, na maneno yake yachukuliwe kwa maana ya kawaida. Kesi ilikuwa ya mtu mmoja na maswali yake. Kanuni iliyotoka humo ilibaki kuwa kiongozi cha mahakama kwa zaidi ya miaka 30, na kila aliyekwenda kudai haki alikutana nayo mlangoni. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi, mnaposoma kesi za zamani, msiishie kuuliza nani alishinda. Ulizeni waliokuja nyuma waliachiwa njia gani.

Mambo yalizidi kuwa magumu baadaye. Mwaka 1988 bunge lilibadilisha katiba na kuuondoa ulinzi wa kazi za majaji wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, ulinzi uliorudishwa mwaka 1990. Katika kipindi hicho hicho Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 84, kile kilichowaruhusu watu kudai haki zao, hakiwezi kutumika kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kukitumia. Tafakari jambo hilo, mwanangu: kanuni hazikuandikwa na mkuu wa mahakama mwenyewe, na kwa kutoandikwa kwake sura nzima ya haki ikalazwa. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Kesi yake ilitupwa kwa kuwa hakuweza kuonyesha hasara iliyompata yeye binafsi, kana kwamba bustani ya umma haina mwenyewe. Jengo lile halikujengwa, lakini si mahakama iliyolizuia.

Kesi za uchaguzi wa rais ziliishia palepale. Baada ya uchaguzi wa 1992, shauri la Kenneth Matiba lilitupwa kwa sababu hakulitia saini kwa mkono wake, ingawa maradhi yalikuwa yamemzuia kuandika na mkewe alitia saini kwa niaba yake. Baada ya uchaguzi wa 1997, shauri la Mwai Kibaki lilitupwa kwa sababu rais hakukabidhiwa hati zake ana kwa ana, na sote twajua ni nani angeweza kuwapita walinzi wa rais ili amkabidhi karatasi. Katika kesi zote mbili, swali la kama kura zilihesabiwa kwa haki halikufikiwa. Desemba 2007 matokeo yalipopingwa tena, upande wa upinzani ulisema hauendi mahakamani, na nchi ikaingia katika ghasia ambazo Tume ya Waki iliyozichunguza ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Sisemi kwamba hukumu za saini na za kukabidhi hati ndizo zilizoua. Nasema kwamba watu walipohitaji mahali pa kupeleka hasira zao, hapakuwa na mahali walipopaamini, na kutoaminika huko kulijengwa hukumu baada ya hukumu.

Mgeuko ulianza mwaka 2004. Katika kesi ya Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, waliopinga namna katiba mpya ilivyokuwa ikitungwa, Mahakama Kuu kwa wingi wa majaji iliamua kwamba bunge lina uwezo wa kuirekebisha katiba lakini halina uwezo wa kuiondoa yote na kuweka mpya, kwani uwezo huo ni wa wananchi wenyewe na sharti utumiwe kwa kura ya maoni. Kanuni ya El Mann nayo ikawekwa kando. Kura ya maoni ya 2005 iliikataa rasimu ya katiba mpya, na ile ya tarehe 4 Agosti 2010 ikaikubali katiba tuliyo nayo.

Isome katiba hiyo ukiwa na kesi hizi akilini, nawe utaona kwamba walioiandika walikuwa wakizijibu mojamoja. Ibara ya 259 inaagiza katiba ifasiriwe kwa namna itakayotimiza makusudio yake, na hapo inajibiwa El Mann. Ibara ya 22 inasema kutokuwapo kwa kanuni hakumzuii mtu kufungua kesi ya haki, kwamba hatatozwa ada ya kuifungua, na kwamba anaweza kwenda kwa niaba ya wengine au kwa maslahi ya umma. Ibara ya 70, inayohusu mazingira, inasema mlalamishi hatakiwi kuthibitisha kuwa yeye mwenyewe amepata hasara, na hapo anajibiwa Wangari Maathai, ingawa baada ya miaka 21. Ibara ya 140 inatoa siku saba za kuupinga uchaguzi wa rais na siku 14 za mahakama kuamua. Kwa njia hiyo, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga iliubatilisha uchaguzi wa rais kwa majaji wanne dhidi ya wawili, jambo ambalo halikuwahi kutokea barani Afrika.

Una bahati ya kuishi Malindi, kwa kuwa Mahakama Kuu huketi hapo, na kesi husikilizwa hadharani. Siku ya likizo nenda ukae nyuma usikilize. Vaa nguo za heshima na uzime simu.

Je, serikali inaweza kuiuliza mahakama ushauri kabla ya kutenda jambo, badala ya kungoja ishtakiwe?
*Msomaji, Maweni, Malindi*

Inategemea nchi. Mwaka 1793 Rais George Washington aliipelekea Mahakama ya Juu ya Marekani maswali 29 kuhusu namna ya kutojiingiza katika vita vya Uingereza na Ufaransa. Majaji walikataa kwa adabu, wakisema kazi yao ni kuamua kesi za wadaawa halisi, na msimamo huo umebaki hadi leo. Kwetu Kenya, ibara ya 163 inairuhusu Mahakama ya Juu kutoa ushauri ikiombwa na serikali ya kitaifa, chombo cha dola au serikali ya kaunti, katika jambo linalohusu serikali za kaunti. Ushauri wa tarehe 1 Novemba 2013, ulioeleza kwamba Seneti haikupaswa kuachwa nje katika mswada wa kugawa mapato ya nchi, uliiwekea Seneti msingi wake mapema kabisa katika maisha ya ugatuzi.

Mwalimu, kikundi chetu cha wavuvi kilipata hukumu dhidi ya ofisi moja ya umma, tukapewa fidia, na hadi sasa hatujalipwa. Hukumu isiyotekelezwa ina maana gani? Tufanye nini?
*Mwenyekiti wa kikundi, Kizingitini, kisiwa cha Pate*

Pole kwa kungoja, ndugu yangu. Hapa ndipo udhaifu alioutaja Hamilton unapoonekana kwa macho. Mwaka 1832, katika kesi ya Worcester dhidi ya Georgia, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu katika ardhi ya watu wa Cherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Georgia haikutii, na Rais Andrew Jackson hakuilazimisha. Mmisionari Samuel Worcester, aliyekuwa amefungwa chini ya sheria hizo, alitoka gerezani mwaka 1833 kwa msamaha wa gavana, wala si kwa nguvu ya hukumu aliyoshinda. Mwaka 1838 Wacherokee walihamishwa kwa nguvu, na maelfu walikufa. Hukumu yenyewe haikupotea, na hadi leo hutajwa mahakamani mataifa ya wenyeji yanapodai haki zao. Waliokufa njiani hawakufaidika nayo, na sitajifanya kwamba jambo hilo ni dogo.

Lamu yenyewe imeona pande zote mbili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu ulivunja haki za wenyeji za mazingira safi, utamaduni na kupewa habari, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira, yaani chombo kinachoamua mashauri ya mazingira, lilikifuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Zingatia tofauti ya maamuzi hayo. La Kwasasi lilizuia jambo lisitendeke, nalo lilifanya kazi papo hapo, kwa kuwa mjenzi hakuweza kuendelea bila kibali. La fidia linaitaka serikali itoe fedha, na fedha za umma hazikamatwi na dalali wa mahakama kama gari la mdeni wa kawaida.

Kwa hiyo njia iliyozoeleka kwa hukumu kama yenu ni hii. Zikipita siku 21 tangu hukumu, wakili wenu aombe katika mahakama iliyoitoa cheti cha amri dhidi ya serikali, kinachotaja kiasi mnachodai, pamoja na gharama zikiwa zimekwisha kukadiriwa. Cheti hicho akabidhiwe ofisa mhasibu wa ofisi husika, na kama ni ofisi ya serikali ya kitaifa, Mwanasheria Mkuu naye apelekewe. Wasipolipa, mwende Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha ofisa huyo atimize wajibu wake wa kulipa, amri ya aina ileile aliyoiomba Marbury. Akiikaidi na hiyo, anaweza kuitwa yeye binafsi ajieleze kwa nini asiadhibiwe kwa kuidharau mahakama, na hapo mara nyingi ndipo malipo huanza kupangwa. Ombi la kumlazimisha huambatanishwa na nakala ya hukumu, cheti chenyewe, na ushahidi kwamba cheti kilipokelewa, hivyo siku mtakapokipeleka msiondoke ofisini kabla nakala yenu haijapigwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe.